Kumbe Siyo Mkono Mzito! Historia ya Tachipadi, Kidude Kinachorusha Maandishi ya Watu

Picha linaanzia steshenari. Inaweza kuwa Ngara mjini, inaweza kuwa Biharamulo, inaweza kuwa pale Nyakanazi ambapo malori ya masafa yanagawana njia, haya Kigoma, yale Rwanda na Burundi. Dada wa steshenari ana laptopu moja, printa moja na foleni ya watu watano. Mteja anamtajia jina lake herufi kwa herufi, yeye anachapa. Vidole viko spidi, macho yako kwenye karatasi.

Akiinua macho kuangalia skrini, nusu ya jina ipo pale inapotakiwa. Nusu nyingine imetua mistari mitatu juu, katikati ya anwani ya mkurugenzi.

Dada anaapa hajagusa kitu. Mteja anaguna. Mwenye ofisi anatoa hukumu bila kunyanyuka kwenye kiti: "Wewe una mkono mzito." Karatasi iliyoharibika inahesabiwa kwake.

Kila aliyewahi kuchapa barua, CV au ripoti ya field kwenye laptopu anaijua hiyo sinema. Wengi wanaamini kabisa kwamba shida ni wao, hawajui kuchapa, vidole vyao vinene. Kumbe hii kauli ya mkono mzito ina historia nyuma yake, na ukiifuatilia mpaka mwanzo unakuta inamtetea dada, siyo bosi wake.

ENZI ZA TAIPURETA: MASHINE ILIYOKAA KIMYA

Turudi nyuma kidogo. Taipureta ya kwanza kufanya biashara ya maana ilikuwa ya Mmarekani Christopher Latham Sholes na wenzake, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Ule mpangilio wa herufi unaoanza na QWERTY, ambao mpaka leo uko kwenye kibodi ya simu yako, ulitokea huko. Mwaka 1878 ikaja Remington namba 2, iliyokuwa na kitufe cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa.

Taipureta ilikuwa na makosa yake. Ukibonyeza haraka kupita kiasi, vyuma vya herufi vinagongana na kukwama. Ukikosea herufi moja na chini kuna karatasi za kaboni, kosa linakwenda kwenye nakala zote. Barua ndefu inarudiwa kuanzia mwanzo.

Lakini kuna kosa moja taipureta haikuweza kulifanya hata siku moja, nalo ni kuhama sehemu yenyewe. Herufi ilitua pale pale karatasi ilipokuwa imesimama. Ili uandike mstari wa juu, ilibidi uzungushe roda kwa mkono wako mwenyewe, ukijua unachofanya. Mashine haikuwa na njia ya kudhani kwamba umetaka kuhama.

Kingine ni kwamba taipureta ilikuwa ndefu kwenda juu. Mbele ya herufi hapakuwa na sehemu ya kulaza kiganja. Waliosomea uhazili walifundishwa kukaa mgongo umenyooka, viwiko karibu na mbavu, vifundo vya mikono juu, vidole tu ndo vishuke. Kwa Tanzania, jina kubwa kwenye fani hiyo lilikuwa Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Wale makatibu muhtasi wa zamani, waliokuwa wakichapa bila kutazama herufi huku wanapiga stori na mlango unagongwa, walikuwa wamefunzwa kuning'iniza mikono hewani siku nzima.

Shika hiyo picha ya mikono hewani. Itatusaidia mbele.

MAUSI INAKUJA, LAPTOPU INAFUATA

Kompyuta ilipoingia, ikaleta kitu ambacho taipureta haikuwa nacho, yaani kishale kinachotembea kwenye skrini. Mausi ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na timu ya Douglas Engelbart, mwenzake Bill English ndiye aliyeiunda kwa mikono, nayo ilikuwa ni kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akaionyesha hadharani mbele ya ukumbi uliojaa.

Mausi ina uzuri mmoja ambao watu hawausemi. Inakaa pembeni. Ukitaka kishale kihame, lazima mkono wako uondoke kwenye herufi uende kuifuata. Ni sawa na jiko kuwa chumba kingine, huwezi kuunguza mboga kwa bahati mbaya ukiwa kitandani.

Laptopu za mwanzo, miaka ya 1980, nyingi hazikuwa na kitu cha kuendeshea kishale kabisa. Kibodi ilikuwa imesogezwa mbele mpaka ukingoni, karibu na tumbo la mchapaji. Viganja vikawa vinaning'inia nje ya mashine, kama enzi za taipureta.

Halafu mwaka 1983 ikatoka mashine moja ya Kimarekani iliyoitwa Gavilan SC. Haikudumu sokoni, wengi hawajawahi hata kuisikia. Lakini ilikuwa na kibao cha kugusa kwa kidole ili kuendesha kishale, yaani babu wa tachipadi. Na unajua kibao hicho kilikaa wapi? Juu ya kibodi, kati ya herufi na skrini. Kiganja cha mchapaji hakifiki huko hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo wa kwanza kabisa kuweka kibao cha kugusa kwenye laptopu walikiweka mahali salama. Kuhama kulikuja baadaye, na kulikuwa uamuzi wa watu.

1991: UAMUZI ULIOBADILI KILA KITU

Oktoba 1991 kampuni ya Apple ikatoa laptopu zake za PowerBook. Hapo ndo umbo la laptopu zote unazoziona leo lilipozaliwa. Wabunifu waliisukuma kibodi nyuma, karibu na skrini, wakaacha uwanja mpana mbele kwa ajili ya kulaza viganja. Katikati ya uwanja huo wakaweka kijimpira cha kuviringisha kwa kidole gumba ili kuendesha kishale.

Ilikuwa raha. Mtu akisafiri na laptopu mapajani, mikono inapata pa kupumzikia. Kijimpira nacho hakikuwa na noma, kwa sababu mpira hauviringiki mpaka uusukume. Kiganja kikiupitia juu juu, hakuna kinachotokea.

Mwaka uliofuata, 1992, IBM wakaja na njia yao kwenye ThinkPad 700C. Wao waliweka kile kidoti chekundu katikati ya herufi G, H na B. Kishale unakiendesha kwa kusukuma kidoti kwa ncha ya kidole, na kiganja hakina habari nacho. Ndo maana mpaka leo kuna wazee wa maofisini hawaachani na ThinkPad, ukiwauliza kwa nini wanakuonyesha kidoti.

Halafu ukafika mwaka 1994.

MEI 1994, DUNIA MBILI

Mwaka huo kwa mtu wa Ngara hauhitaji maelezo. Mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea Rwanda. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu takriban 250,000 kwa hesabu ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya saa 24 hivi. Walipelekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi yake hapo. Ndani ya siku chache, sehemu iliyokuwa mapori ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania.

Sasa fikiria kazi ya kuandika majina. Mtu aliyepoteza kila kitu anakuwa jina kwenye orodha, na orodha ndo inayosema nani ni nani, katoka wapi, kaja na watoto wangapi. Jina likiandikwa vibaya, ndugu anayemtafuta anaweza kulipita bila kulitambua. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara, na jina lenyewe maana yake ni matumaini. Wengi walirudi Rwanda Desemba 1996, ila wakimbizi kutoka Burundi waliendelea kukaa wilayani humo kwa miaka mingi.

Katika majuma yale yale, mbali kabisa na Rusumo, tarehe 16 Mei 1994, Apple walizindua PowerBook za mfululizo wa 500. Wakang'oa kile kijimpira. Mahali pake, katikati kabisa ya uwanja wa viganja, wakaweka tachipadi. Ikawa ndo mara ya kwanza kwa laptopu kubwa ya sokoni kuwa na tachipadi pale tunapoijua leo, na miaka michache mbele karibu kila kampuni ikafuata.

Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Waliokuwa wanahesabu watu Benaco wasingejua wala kujali laptopu gani imetoka Marekani. Lakini yalikuja kukutana baadaye, kimya kimya, pale laptopu zilipofika Ngara na Biharamulo na zikawa ndo zinazoandika majina ya watu.

KWA NINI INAKUGUSA USIPOTAKA

Ili uelewe kosa liko wapi, inabidi ujue hicho kidude kinafanyaje kazi. Wengi wanadhani kinasikia kubonyezwa. Hapana. Chini ya ule uso laini kuna wavu wa nyaya nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme. Kidole kikikaribia, kinabadilisha ile chaji mahali kilipo, na mashine inahesabu kimetua wapi. Ndo maana ukigusa kwa kofia ya kalamu hakijibu kitu.

Mmoja wa watu waliofanikisha teknolojia hii ni George Gerpheide wa kampuni ya Cirque. Nyingine iliyotamba ni Synaptics, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Carver Mead pamoja na Federico Faggin, jamaa yule yule aliyeshiriki kutengeneza prosesa ya kwanza ya Intel mwaka 1971. Ukifungua laptopu nyingi za miaka ya 2000, ndani unakutana na kazi ya Synaptics.

Sasa shida iko hapa. Mashine haioni kidole. Inachokiona ni ngozi. Na kiganja pia ni ngozi, tena kipana kuliko kidole, chenye jasho jingi, na kimelazwa sentimita chache kutoka kwenye kidude chenyewe. Kitako cha kidole gumba kikishuka na kugusa kidogo tu, tachipadi inasema: amegonga. Na kugonga mara moja ni sawa na kubofya mausi. Kishale kilikuwa kimeachwa wapi? Mistari mitatu juu. Basi kile kimstari cha kuandikia kinarukia huko huko, na herufi zinazofuata zinamwagika katikati ya anwani ya mkurugenzi.

Kuna lingine baya zaidi. Ukigusa mara mbili fasta huku kiganja kinateleza, mashine inaweza kudhani unachagua maandishi. Aya nzima inageuka rangi. Herufi inayofuata ukiibonyeza tu, aya yote inafutika. Mtu anaganda, anatazama skrini, anasema kompyuta ina kirusi. Haina kirusi. Imefanya ilichodhani umeiambia.

Kwa hiyo mkono mzito hauna kesi hapa. Mkono mwepesi ndo unagusa kidogo kidogo, na kugusa kidogo ndiko mashine inakokusoma kama kubofya.

MAFUNDI WANAJARIBU KUZIBA

Waliotengeneza walijua. Kosa lilianza kulalamikiwa mapema, nao wakaanza kuziba kwa programu, maana umbo lilishakuwa fasheni na hakuna aliyetaka kulirudisha nyuma.

Dawa ya kwanza ilikuwa kutazama ukubwa. Mguso mdogo wa mviringo ni kidole, mguso mpana ni kiganja, upuuzwe. Synaptics waliiita PalmCheck, na kwenye laptopu nyingi za zamani ilikuja na kijiti cha kusogeza, upande mmoja ukali zaidi, upande mwingine upole.

Dawa ya pili ilikuwa kutazama mahali. Kidole kinachotaka kazi hushuka katikati. Kiganja huingia kutokea kingo za kushoto na kulia. Basi mguso unaoanzia ukingoni unatiliwa shaka.

Ya tatu ndo rahisi kuliko zote: saa. Kama mtu anachapa herufi sasa hivi, hawezi kuwa anaendesha kishale. Basi zima tachipadi kila herufi inapobonyezwa, iwashe tena akitulia. Kwenye Linux ilikuwepo programu ndogo iliyoitwa syndaemon iliyofanya kazi hiyo tu, na bila kuibadilisha ilikuwa ikisubiri sekunde mbili. Siku hizi kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na libinput, na inakuja ikiwa imeshawashwa. Ina akili kidogo pia, kwa kuwa vitufe kama Ctrl na Shift haivihesabu kuwa ni kuchapa, maana watu huvishika huku wanabofya.

Kila dawa ina sumu yake. Ukikaza sana, mtu anamaliza kuandika, anataka kubofya, kishale kimekufa, anadhani mashine imeganda. Ukilegeza sana, maandishi yanaruka. Mwaka 2013, pamoja na Windows 8.1, Microsoft wakaleta utaratibu wa tachipadi ambapo Windows yenyewe ndo inaamua nini ni kiganja, badala ya kuiachia kila kampuni na programu yake. Hapo hali ikawa afadhali sana kwa laptopu mpya.

Tatizo ni hizo mbili: laptopu mpya.

SASA TURUDI NGARA NA BIHARAMULO

Kwa miaka mingi wilaya hizi mbili hazikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme wa mjini ulikuwa wa jenereta za dizeli, na umeme wa jenereta una tabia zake. Kompyuta ya mezani hapo ni mateso, umeme ukikata tu, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Laptopu ina betri. Umeme ukiondoka, mchapaji anaokoa kazi yake, anafunga, anasubiri. Leo kuna mpaka bwawa la umeme la Rusumo la megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini mazoea yalishajengwa. Laptopu ndo mashine ya kazi.

Na ukinunua laptopu, hununui mausi. Mausi ni hela nyingine, waya unakatika, meza yenyewe imebanana kati ya printa na mashine ya fotokopi. Kazi yote inafanyika kwa kile kidude cha katikati.

Halafu nyingi ya hizo laptopu ni used. Zimefanya kazi ofisi za Ulaya au Dubai, zimeuzwa Kariakoo, zimepanda basi. Mahali fulani njiani, fundi kazipiga Windows upya. Na hapo ndo penye siri ambayo wengi hawaijui.

Laptopu ya zamani ikitoka kiwandani ilikuwa na programu yake maalumu ya tachipadi, yenye ile PalmCheck na mipangilio yote. Fundi akipiga Windows bila kurudisha programu hiyo, tachipadi inaendelea kufanya kazi, kishale kinatembea, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini kompyuta sasa inakiona kile kidude kama mausi ya kawaida tu. Haijui tena kwamba kuna kiganja duniani. Kinga iliyowekwa na mafundi wa kiwandani kwa miaka yote ile imefutwa ndani ya dakika arobaini, na hakuna aliyeona.

Dada wa steshenari anakabidhiwa mashine isiyo na kinga, anaambiwa achape haraka, na ikirusha maandishi, mkono wake ndo mzito.

NUSU YA JINA SIYO KITU KIDOGO

Kuna watakaosema ni laptopu tu, futa uandike tena. Sawa, kama ukiona. Shida ni pale usipoona.

Majina ya Wahangaza na Washubi wa Ngara, au Wasubi wa Biharamulo, hayana herufi za ziada. Mengi yanaanza na konsonanti mbili tatu zimefuatana, na herufi moja ikidondoka, linaweza kuwa jina la mtu mwingine kabisa. Programu ya kusahihisha tahajia haitasaidia, kwake jina zima ni kosa tangu mwanzo, inalipigia mstari mwekundu likiwa sahihi na likiwa bovu.

Karatasi inasainiwa, inapigwa muhuri, inakwenda. Miaka miwili baadaye kijana anajaza maombi kwenye Ajira Portal, anakuta jina la cheti halifanani na la kitambulisho cha NIDA. Hapo anaanza safari ya kutafuta wakili amwandikie hati ya kiapo kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja. Anatoa hela, anapoteza siku, na wakati mwingine tarehe ya mwisho ya maombi inampita. Siyo kila kosa la jina linatokana na tachipadi, mengi yanatokana na masikio, haraka na mwandiko mbaya. Lakini hata hili nalo lina mchango wake, na linaweza kuzuiwa bure.

Kwenye wilaya ambayo mwaka 1994 ilijifunza kwa uchungu jina kwenye orodha lina uzito gani, hilo siyo jambo la kuchekea.

KINGA ZENYEWE HIZI HAPA

Hazihitaji fundi wala hela.

Kwenye Windows 10 na 11, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya tachipadi. Utaona usikivu una ngazi nne. Shusha mpaka wa chini kabisa. Kama bado inasumbua, zima ile ya kugonga kwa kidole kimoja ili kubofya. Kuanzia hapo kubofya ni kwa kubonyeza kitufe mpaka kilie, na kiganja hakina nguvu hiyo. Laptopu za Apple zinakuja zimeizima tayari kutoka kiwandani, ndo maana wenye nazo wanajidai hawana tatizo.

Kama una mausi, hapo hapo kwenye mipangilio kuna alama ya kuacha tachipadi ikiwa imewashwa mausi inapochomekwa. Iondoe. Ukichomeka mausi, kidude kinalala chenyewe. Ukichomoa, kinaamka.

Laptopu nyingi zina kitufe kwenye safu ya F chenye picha ya kimraba, ukikishika pamoja na Fn kinazima tachipadi moja kwa moja. Baadhi ya HP za zamani zina kijitundu kwenye kona ya juu kushoto ya tachipadi, ukikigonga mara mbili kinawaka taa na kidude kinazimwa.

Kama mipangilio hiyo haionekani kabisa, ujue ndo wale waliopigiwa Windows bila programu ya tachipadi. Tafuta programu hiyo kwa jina la kampuni na modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, uirudishe. Ukishindwa kabisa, kata kipande cha boksi gumu ukiweke juu ya tachipadi wakati wa kuchapa kazi ndefu. Ni ushamba unaofanya kazi. Chaji ya mkono haipiti boksi nene.

Maandishi yakiwa yameshafutika, usiendelee kubonyeza chochote. Ctrl na Z, mara moja, mara mbili, yanarudi.

Na kuna kinga ya mwisho, ya zamani kuliko zote. Mikono hewani. Mgongo umenyooka, vifundo juu, vidole tu vishuke, kama walivyofundishwa Tabora. Wale makatibu muhtasi hawakujua kitu kinaitwa tachipadi, lakini ukimpa mmoja wao laptopu leo, anaweza kuchapa kurasa kumi na herufi isiruke hata moja.

HUKUMU

Kwa zaidi ya miaka 30, mashine imewekwa mahali ambapo kiganja kinapumzika, halafu kiganja kikashtakiwa kwa kupumzika hapo. Waliotengeneza walijua na wakatoa kinga. Kinga ikapotea njiani, kati ya kiwanda na kaunta. Aliye mwisho wa mnyororo, mwenye mshahara mdogo kuliko wote, akabeba lawama na gharama ya karatasi.

Bosi anayetaka kazi safi anunue mausi, au atumie dakika tano kwenye mipangilio kabla hajafungua ofisi. Na mteja, kabla hujalipa, soma jina lako. Lote. Kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu angalia mistari mitatu juu kama kipande kingine hakijajificha huko.

Wewe laptopu yako ilishawahi kukurushia maandishi sehemu gani mbaya kuliko zote? Barua ya kazi, ripoti ya chuo, au meseji ya mtu? Dondosha hapo chini, na mtagi yule bosi anayesemaga watu wana mkono mzito.